Stakabadhi za Babu na Kodi ya Jengo Iliyojificha Ndani ya LUKU

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wenye nyumba na wapangaji wa mtaa wetu, hapa Uyole, jijini Mbeya. Wengi walikuwa shambani na sokoni, wakaomba niyaweke yote kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Vicheko tu ndivyo nimeviondoa, maana havisomeki.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wetu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama pale mlangoni kana kwamba mnasubiri abiria: ndaga. Na ndugu zangu wa kutoka Iringa na Njombe, najua mmejaa humu ndani: kamwene!

Asanteni. Na baridi hii ya Julai, mtu aliyeacha blanketi lake saa mbili asubuhi kuja kusikiliza habari za kodi anastahili pongezi. Mimi mwenyewe nisingekuja, kama nisingekuwa ndiye msemaji.

Wengi mnanifahamu kama mzee wa parachichi pale kona. Wachache mnajua kazi niliyostaafu nayo. Nilikuwa mthamini wa majengo katika serikali za mitaa, zaidi ya miaka thelathini, miji mitatu tofauti ya nyanda hizi za juu kusini. Yaani mimi ndiye yule mtu mliyekuwa mkimfungia geti. Ndiye yule ambaye mtoto alitumwa kumwambia, "Baba amesema hayupo." Basi leo nimekuja upande wenu wa geti. Nami nina nyumba, nami nina mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, nami nimekatwa kodi ya jengo humohumo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie maana ya kulipa kodi ya jengo. Nimemwambia sitaki kuja kuhamasisha. Mmehamasishwa vya kutosha, kwa vipaza sauti vya kila rangi. Nataka tuulizane jambo moja tu: unapolipa kodi ya nyumba yako, umenunua nini?

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, Kalenga kule Iringa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kopo la majani ya chai, la bati, chini ya kitanda. Sisi wajukuu tuliamini mna hela. Siku moja, nina miaka kama tisa, nikalifungua. Hela hamna. Mna karatasi, zimekunjwa mara nne, zimekuwa njano, zingine panya amezila pembeni. Nikachapwa, kisha nikaelezwa. Zile zilikuwa stakabadhi zake za kodi, za tangu enzi za Mwingereza. Kila mwaka moja. Alikuwa ameshapata uhuru, ana bendera yake, lakini kopo hakulitupa.

Kwa nini? Kwa sababu baba yake alimwachia hofu. Sheria ya Wajerumani ya kodi ya nyumba ilitoka mwaka 1897 ikaanza kutumika 1898, mwaka uleule aliokufa Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Kibanda cha kijijini, rupia 3. Huna rupia? Utalipa kwa mgongo wako, kwenye barabara au kwenye shamba la mzungu. Babu alisimulia kwamba watu waliacha kujenga. Kaka watatu na wake zao walijibana nyumba moja, moshi mmoja, watoto wamelala kama magunzi kwenye gunia, ili wahesabiwe nyumba moja. Fikirini jambo hilo. Kodi ya nyumba ilifanya watu waogope kuwa na nyumba.

Mwingereza naye akaja, na mwaka 1922 akaweka sheria ya kodi ya nyumba na kichwa pamoja. Mwanamume mwenye kibanda analipia kibanda, asiye na kibanda analipia kichwa alichozaliwa nacho. Mjumbe wa jumbe anafika alfajiri, wanaume wanaruka dirishani, wanaishia porini. Ukiwa na stakabadhi, unalala usingizi. Huna, unalala msituni.

Na msidhani hayo ni ya mababu peke yao. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, imefutwa mwaka 2003. Mwaka 2003! Wengi humu mlikuwa na nywele nyeusi. Mimi, mtumishi wa halmashauri, mtu wa kodi, niliwahi kushushwa kwenye basi pamoja na wenzangu kwenye kizuizi cha mgambo, katika wilaya ambayo sitaitaja. Stakabadhi yangu ilikuwa kwenye suruali nyingine. Tulikalishwa chini ya mti hadi jua linazama, mkunga mmoja akiwa miongoni mwetu, anaeleza kwamba kuna mtu anamsubiri, hakuna anayemsikiliza. Nilipofika nyumbani nilimkumbuka babu na kopo lake.

Basi tunapozungumza kodi hapa, tukubaliane kwamba hatuanzii kwenye karatasi nyeupe. Tuna kumbukumbu. Na kumbukumbu yetu ya kodi ni ya kukimbia.

Halafu kuna lugha yenyewe inatuchanganya. Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, nalo tumelibebesha kazi mbili. Ukisema "kodi imepanda" hapa Uyole, mtu hawazi serikali. Anamwaza mwenye nyumba wake. Kodi ya chumba, kodi ya fremu. Kwa hiyo ukimwambia mtu aliyejenga mwenyewe kwamba alipe kodi ya nyumba yake, anasikia tusi.

Mzee mmoja alinipa somo hilo zamani, nikiwa kijana mwenye futi kamba na daftari jipya. Nimefika kwake, nimeshapima upande mmoja wa ukuta, ananitazama tu, anakoroga ugoro. Halafu akasema, taratibu, "Kijana, tofali hizi nilifyatua mimi. Tanuru nilichoma mimi, siku tano sikulala. Maji ya udongo alibeba mke wangu kutoka mtoni na mimba ya mtoto wa nne. Leo unasema nilipe kodi. Sasa niambie, mwenye nyumba ni nani? Mwite nimwone."

Sikuwa na jibu. Nilimpa jibu la sheria, na jibu la sheria mbele ya mke aliyebeba maji na mimba halina uzito.

Leo ningemjibu hivi. Mzee, hapo ulipo kuna mambo mawili, na usiyachanganye. Kuna ardhi na kuna jengo. Ardhi ya nchi hii yote ni ya umma, Rais ameshikilia kama mdhamini kwa niaba yetu. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema hivyo waziwazi. Wewe una hati ya miaka 33, au 66, au 99. Kwa hiyo kwenye ardhi, samahani mzee, sisi wote ni wapangaji, na ndiyo maana ile inayolipwa kila mwaka inaitwa pango la ardhi. Iko kwenye bili yake peke yake, ina wizara yake. Wengi mnalipa hiyo mkadhani mmemaliza, au mnakatwa kwenye LUKU mkadhani na pango la ardhi limelipwa. Ni vitu viwili.

Jengo ni lako. Hakuna aliyekunyang'anya. Hiyo kodi ya jengo, mzee wangu, hulipii nyumba. Unalipia mji ulioizunguka nyumba.

Hapo nataka nikae kidogo, maana ndiko nilikokula mkate wangu.

Thamani ya nyumba iko wapi? Watu husema kwenye tofali, kwenye bati, kwenye malumalu. Mimi nilipima tofali miaka thelathini, nawaambia tofali lina sehemu yake, lakini sehemu kubwa iko nje ya ukuta. Chukueni nyumba moja, ramani ileile, fundi yuleyule, bati la geji ileile. Iweke kata ya Forest hapa jijini, iweke Isyesye ndani kule ambako mvua ikinyesha bajaji haifiki, halafu iweke kijijini Umalila. Bei ni zileile? Haiwezekani. Tofali hazijabadilika. Kilichobadilika ni barabara, taa, maji, shule ya jirani, zahanati, gari la taka linalopita au lisilopita.

Hapa Uyole mmeona kwa macho yenu. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapanuliwa njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Mtu mwenye kiwanja hapa, ambaye hajaweka hata jiwe moja juu yake, ameamka bei imepanda. Amefanya kazi gani? Amelala tu. Barabara ndiyo iliyofanya kazi. Sasa, kama fedha za watu wote zimenenepesha kiwanja chako ukiwa umelala, je, ni dhuluma mji ukija kukuomba sehemu kidogo? Nawauliza. Mimi naona si dhuluma. Naona kodi ya jengo, kwa asili yake, ndiyo kodi yenye haki kuliko zote nilizowahi kuzishughulikia, maana nyumba haikimbii, na anayefaidika na mji anajulikana anaishi wapi.

Nimesema kwa asili yake. Tulivyoifanya ni habari nyingine.

Zamani sheria ya mwaka 1983 ilitutaka tuthamini kila jengo. Bei ya soko, na kama soko halijulikani, gharama ya kulijenga upya ukitoa uchakavu. Nilikuwa naingia, napima urefu na upana, naandika: ukuta, tofali za kuchoma, paa, bati, kutu upande wa kaskazini, dari, hakuna, choo, nje, umri, kama miaka 15. Mwenye nyumba ananifuata nyuma ananong'ona, "Andika ina nyufa, mzee, ona ufa huu." Naandika na ufa. Kazi ya nyumba moja asubuhi nzima, na mbwa wawili. Ikifika mwisho wa mji, mwanzo wa mji umeshabadilika, daftari limezeeka. Wakubwa wana lao kwenye daftari, majina mengine hayaonekani kabisa. Sitasema zaidi, nina pensheni.

Kwa hiyo kodi hii ikahamahama kama mtoto wa kambo. Dar es Salaam ilikwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2008, ikarudi kwa manispaa 2014, mwaka 2016 ikachukuliwa tena na TRA, mara hii na miji mingine. Mwaka 2018 kikaja kiwango kimoja: nyumba ya kawaida 10,000, ghorofa 50,000 kwa kila sakafu katika majiji, manispaa na miji. Tarehe 20 Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Mwaka 2023 ikapanda: 18,000 kwa mwaka nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kila mwezi, na 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, yaani 7,500 kwa mwezi. Hapo ndipo tulipo.

Rahisi? Rahisi mno. Mbwa hawahusiki tena. Lakini tazameni kilichotokea. Nyumba ya vyumba vinane, geti la umeme, bustani inayomwagiliwa asubuhi na jioni, ila haina ghorofa: 1,500. Nyumba ya vyumba viwili ya mwalimu anayeanza maisha, plasta bado, dirisha moja ameziba kwa turubai: 1,500. Wote wawili sawa. Mimi mthamini nikiona hivyo moyo unaniuma, kama mpishi anayeona wageni wote wanapewa kijiko kimoja, aliyekula jana na asiyekula. Na fundi mmoja hapa mtaani ameniambia siku hizi wateja wanamwambia, "Fundi, tandaza. Usipandishe." Wanaogopa ngazi! Tumerudi kwa wale kaka watatu wa Kalenga, ila safari hii watu hawajibani, wanatawanyika, wanamaliza mashamba ya viazi kwa nyumba za chini. Mji usio na ardhi ya kutosha, uliobanwa na milima, ndio unaowaadhibu wanaojenga kwenda juu.

Sasa niseme lile lililonileta hapa. Kosa kubwa zaidi silioni kwenye kiwango. Naliona kwenye kujificha.

Nina jirani, kijana wa bodaboda, yuko humu ndani, ameniruhusu nisimulie. Amepanga vyumba viwili. Tarehe mosi jioni umeme umekatika, mtoto anaumwa, ana shilingi 2,000 kwenye simu. Ananunua LUKU. Yeye yuko kwenye kundi la matumizi madogo, uniti moja shilingi 122 ukijumlisha na makato, kwa hiyo anategemea uniti kumi na sita. Zinakuja nne. Nne! Akaja kwangu na simu mkononi, amevimba mishipa: "Mzee, wameniibia." Tukasoma ule ujumbe pamoja, mstari kwa mstari, chini ya taa yangu. VAT, tozo ya EWURA wanaosimamia nishati, tozo ya REA ya umeme vijijini, halafu 1,500. Nikamwambia, hiyo ni kodi ya jengo. Akaniambia: "Jengo lipi? Mimi sina jengo."

Ni kweli. Hana jengo. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Mita inamjua aliyenunua umeme. Kwa hiyo kijana asiye na tofali hata moja analipa kodi ya jengo miezi kumi na miwili, na mwenye jengo, ambaye yuko Dar, anapita kifua mbele akisema hajawahi kukatwa hata shilingi.

Wenye nyumba wenzangu, ninawatazama. Elfu moja mia tano kwa mwezi. Tuiondoe kwenye kodi ya chumba tunayopokea, tuandike kwenye mkataba, yaishe. Kama nyumba ina wapangaji watatu kwenye mita moja, wasigombane usiku nani ananunua umeme tarehe mosi. Na kama umeweka mita tatu kwenye nyumba moja, angalia usikatwe mara tatu: jengo ni moja, kodi ni moja, nenda na namba za mita zote ukarekebishe.

Kuna na jambo la wazee. Nani humu ana miaka 60 na zaidi? Nyosheni mikono, msione haya, hatuwatafutii wachumba. Mzee wa miaka 60 anayemiliki nyumba na kuishi humo, isiyo ya biashara, amesamehewa kodi hii kwa nyumba hiyo moja. Sheria imesema. Lakini mita haijui miaka yako! Mita haioni mvi! Usipokwenda kujiandikisha itakukata hadi siku ya mazishi, na siku ya matanga itawakata waombolezaji wakinunua umeme wa spika. Tangu Agosti 2021 hadi leo, humu ndani kuna bibi wangapi wanalipa kitu ambacho sheria imewaondolea? Hawakupewa karatasi, kwa hiyo hawakujua wanalipa. Na asiyejua analipa, atadai nini?

Hapo ndipo kopo la babu linaponirudia. Babu alikuwa na stakabadhi bila sauti. Alilipa, akaonyesha karatasi kwa askari, akaruhusiwa kupita. Hakuruhusiwa kuuliza shilingi yake ilijenga nini. Sisi tuna sauti. Tuna diwani tuliyempigia kura, tuna mkutano wa mtaa, tuna ubao wa matangazo pale ofisi ya kata. Ila stakabadhi hatuna. Kodi imeingia kwenye umeme kama chumvi kwenye mchuzi. Ukimuuliza mtu hapa, "Unalipa kodi ya mji?" anajibu, "Mimi? Hapana, mimi nanunua umeme tu."

Mwezi wa Machi, mvua ilipokula ile njia ya nyuma ya soko, tulichanga. Kila kaya 10,000, tukaleta malori ya moramu, vijana wakasambaza kwa koleo siku mbili. Nani alilalamika? Hakuna. Harusi mnachangia laki, na kadi mnasubiri kwa hamu. Kwa nini tunatoa bila kununa? Wengine wanasema Watanzania wanapenda sherehe. Mimi nasema ni kwa sababu kuna mweka hazina anayesimama anasoma: fulani elfu kumi, fulani elfu ishirini, moramu lori nne, zimebaki elfu tatu na mia tano za soda. Na unaiona moramu kwa macho. Harusini unamwona kuku mezani. Kodi ya jengo, kuku yuko wapi?

Basi tuulize, lakini tuulize kwa akili, tusimpigie kelele mtu asiyehusika. Ile barabara kuu ya njia nne ni ya TANROADS, usimkabe diwani kwa ajili yake. Barabara za mtaa ziko TARURA tangu 2017. Hapo diwani anaweza kusukuma, lakini fungu haliko mfukoni mwake. Maji ni mamlaka ya maji. Halmashauri ya Jiji ndiyo ya kuulizwa habari za taka, masoko, madarasa, zahanati, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Nimeona watu wazima wakimtukana mtendaji wa mtaa kwa bomba lililopasuka. Mtendaji masikini ana muhuri tu na meza yenye mguu mmoja mfupi.

Swali lenu liwe hili, lifupi, na liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano: nyumba za kata hii zinazokatwa kodi ya jengo ni ngapi, zilikatwa kiasi gani mwaka wa fedha uliokwisha Juni, na kiasi gani kimerudi kufanya kazi katika kata hii? Mambo matatu. Diwani akisema hajui, mwambieni tunamsubiri mkutano ujao, na muwepo mkutano ujao. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunauliza kwa ukali mara moja, halafu tunakwenda kuvuna viazi.

Kijana mmoja aliniuliza jana, "Mzee, kwa nini tusigome tu kulipa mpaka watujibu?" Mwanangu, utagomeaje? Utakaa gizani? Ukikaa miezi mitatu bila kununua, siku utakayonunua deni la miezi yote linakusubiri mlangoni. Mita haina mjadala. Na hata kama ingewezekana, mimi nisingekushauri. Mtu asiyelipa akiuliza, anajibiwa kwa dharau. Nilikuwa upande wa pili wa lile dirisha, nayajua maneno tuliyokuwa tukisema mlango ukifungwa. "Huyu naye, hata kodi halipi." Mliolipa, mlitutia hofu. Akija mama na bahasha yake, stakabadhi zimepangwa kwa miaka, ofisi nzima ilikuwa inajifanya iko bize.

Kwa hiyo mimi nimeanza daftari. Hili hapa. Daftari la shule, kurasa 48. Kila mwezi umeme wa kwanza ukinunuliwa naandika tarehe, namba ya mita, na 1,500. Mke wangu ananicheka, anasema nimerudi kazini. Mimi sikatwi tena tangu nilipojiandikisha, maana nimevuka sitini. Naandika ya wapangaji wangu, nawarudishia mwisho wa mwezi, wanasaini. Mbele yao. Mmoja alisaini huku mkono unatetemeka, akidhani ni notisi ya kuhama.

Nimemwomba Mwenyekiti tuwe na daftari kubwa la mtaa. Liko pale mezani, jirani na chupa ya chai, kalamu imefungwa kwa uzi maana nawajua. Andikeni namba ya mita, mwenye nyumba au mpangaji, na kama mwenye nyumba amevuka miaka sitini. Wazee watangulie. Jumatatu mimi na Mtendaji tutakwenda na orodha yao, kila mmoja alete nakala ya kitambulisho cha NIDA. Majina ya watu hayatasomwa hadharani. Namba za mita zitasomwa, kila mkutano, jumla yake.

Sina zaidi. Chai isipoe.

Niongeze kidogo, kwa ninyi msiokuwepo. Wa kwanza kufika mezani alikuwa bibi mmoja wa safu ya pili, ambaye muda wote nilidhani amesinzia. Alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi ndogo ya LUKU, ya kale, maandishi yamefifia karibu yote, akainyoosha juu ya daftari kwa kiganja. "Hii mita ni ya marehemu," akasema. "Jina lake ndilo linalotokea mpaka leo kila nikinunua. Nikiandikisha, jina lake litafutwa?"

Mtendaji alinitazama. Nikamwambia bibi kwamba jina tutaliacha kwanza, tuandike namba. Alete cheti cha kifo Jumatatu, tutauliza dirishani. Akakaa kwenye kiti cha karani, akaisoma namba ile tarakimu moja moja, kwa sauti, nami nikiandika.